Kila Asubuhi Natoka na Mabuti, Kumbe Kazi Iliisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Duga hapa Tanga mjini. Nina mke na mtoto mmoja, na wa pili yuko njiani. Nakuandikia nikiwa nimekaa Bustani ya Jamhuri, nimevaa ovaroli na mabuti ya kazi, kofia ngumu nimeiweka pembeni kwenye benchi. Leo ni siku ya 23 nakaa hapa. Mke wangu anajua niko kazini.

Kisa chenyewe ni hiki. Karibu miaka miwili iliyopita niliingia kibarua kwa mkandarasi mdogo aliyekuwa amechukua kipande cha kazi kwenye mradi mmoja wa ujenzi. Jina silitaji. Nilianza kwa sh 12,000 kwa siku, kubeba vyuma na kufagia. Fundi mmoja wa kuchomelea, mtu wa makamo kutoka Mbeya, akanipenda, akasema niwe namshikia. Wenzetu wakienda kula mchana ananiachia mashine, najaribu kwenye vipande vya kutupa. Akirudi anautazama mshono wangu, anaugonga kwa nyundo, anacheka, ananiambia rudia. Baada ya miezi sita nikapewa mkataba wa saidia fundi, mshahara sh 420,000. Ulikuwa mkataba wa miezi michache michache, ukiisha wanarudia mwingine, mpaka ikatimia miezi 14.

Mwezi uliopita wakatuita watu 31 mbele ya kontena la ofisi. Wakasoma majina, wakasema awamu yetu imekwisha na mikataba haihuishwi. Tukalipwa mshahara wa mwisho, tukarudisha vitambulisho vya getini. Barua hatukupewa. Likizo sikuwahi kwenda hata siku moja, na fedha yake sijaiona. Nilipokwenda NSSF kuulizia nikaambiwa michango iliyoingia ni ya miezi mitano tu, ilhali kwenye salari slipu walinikata sh 42,000 kila mwezi bila kukosa.

Nina akiba ya sh 2,600,000. Mke wangu anajua ipo, ila anadhani ni ya kumalizia chumba.

Sasa niko njia panda, tena panda yenyewe ina njia nne. Mjomba wa mke wangu ana wakala Dar es Salaam anayepeleka vijana Dubai kazi ya ulinzi. Anataka sh 2,500,000 mkononi, anasema ndani ya mwezi naruka. Jirani yangu ana bajaji anataka kuitoa kwa mkataba: kianzio milioni moja, halafu hesabu sh 20,000 kila siku isipokuwa Ijumaa, kwa miaka miwili, kisha chombo kinakuwa changu. Rafiki yangu tuliyefanya naye kazi yuko Dodoma, anasema kule majengo yanaota kama uyoga, nije tulale chumba kimoja. Na mama yangu Muheza anataka nirudi nikasimamie michungwa ya marehemu baba.

Shangazi, kila nikiwasha redio naambiwa Tanga imefunguka. Bandari, bomba la mafuta, wawekezaji. Mbona mimi nimefungiwa nje? Kazi ziko wapi hasa?

Nakuomba usiniambie nimweleze mke wangu kwa sasa. Mimba ina miezi saba.

Wa Benchi la Jamhuri, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Naanza na tarehe, maana mengine yote yanaweza kusubiri wiki ila tarehe haisubiri. Umesema leo ni siku ya 23. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi, kama malipo ya likizo, yana siku 60. Ukichelewa utaanza kuomba ruhusa ya kusikilizwa nje ya muda, na hapo unapaswa kueleza kwa nini ulichelewa. Sidhani kama "nilikuwa nimekaa bustanini" ni sababu itakayowaingia. Ofisi ya CMA iko hapohapo mjini. Nenda wiki hii ujaze fomu yao namba 1, na usiende peke yako. Mlikuwa 31. Hata wakija 6 inatosha.

Nisikupe matumaini ya uongo lakini. Mkataba wa muda ukiisha kwa muda wake, kwa kawaida hakuna kiinua mgongo cha kisheria, na kusema "niliachishwa isivyo halali" ni kazi ngumu. Mnaweza kudai kwamba kwa jinsi mikataba ilivyorudiwa mlikuwa na haki ya kutarajia mwingine, lakini mwajiri atajibu kuwa kazi yenyewe ilikwisha, na huenda ni kweli. Usipigane sana hapo. Ugomvi wako wenye miguu ni likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 kwa kila mwaka wa kazi. Kwa miezi 14 hesabu yako inaangukia kwenye mshahara wa mwezi mmoja na kitu juu yake. Hiyo ni fedha yako, si hisani.

NSSF ni njia nyingine. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara: wewe umekatwa asilimia 10, ndiyo hiyo 42,000, na mwajiri alipaswa kuweka 42,000 yake. Miezi tisa haikuingia. Tisa mara 84,000 ni sh 756,000. Chukua salari slipu zako zote, kama uliziweka kwenye simu zichapishe, upeleke ofisi ya NSSF uandikishe malalamiko. Mfuko una wakaguzi na una mamlaka ya kumdai mwajiri. Wewe huna ubavu huo, wao wanao.

Kitu cha tatu ambacho watu wengi hawakidai, nami naona kwako ndicho chenye thamani kuliko vyote, ni cheti cha utumishi. Mwajiri anatakiwa na sheria kukupa ajira inapokoma. Kiombe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu kwa yule mtu wa utumishi, nawe utunze ujumbe. Kiandikwe ulifanya kazi gani, kuanzia lini hadi lini. Wakikiandika "kibarua" tu, rudi uwaombe waandike "saidia fundi uchomeleaji". Kwa nini nakazania neno hilo utaona mbele.

Haya, tuje kwenye redio yako.

Inua macho hapo ulipo, tazama majini. Siku ukiona meli kubwa imelala gatini, kumbuka kwamba hiyo ni habari mpya kwa mji huu. Juzijuzi tu meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, kwa sababu gatini hapakuwa na kina. Mzigo ukashushwa kwenye matishari huko huko nje, matishari yakavutwa mpaka gatini, na mzigo ukapakuliwa mara ya pili. Shehena moja, mikono mara mbili. Serikali ikachimba, kina kikafika mita 13, likajengwa gati la mita 450. Sasa meli inakuja yenyewe.

Uliowahi kuwasikia wakilalamika Ngamiani kwamba bandari imekua na wao wamekosa, si waongo. Mradi uliwaajiri wajenzi kwa miaka michache, ukaisha, na ulipoisha ukawa umeondoka na ile safari ya pili ya mzigo pamoja na ajira zake. Lakini mzigo umeongezeka, na mzigo hautoki gatini kwa miguu. Kuna malori, na malori yanakatika chesisi. Kuna vikamatio vya kreni vinavyochakaa, kuna mageti ya maghala, matangi, trela. Kazi ya namna hiyo haisomwi redioni, na huwezi kukuta foleni ya vijana getini wakiisubiri. Inapitia kwa fundi mmoja kumpigia mwenzake: "uko wapi, njoo na mashine."

Bomba la mafuta nalo ni hivyohivyo. Ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, na kilomita 1,147 ziko upande wetu. Wakati wa kuchimba mtaro na kuunga mabomba wanatakiwa maelfu ya watu. Likishaisha, mafuta yanajiendea yenyewe. Ila mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba zima linapashwa moto, na kuna vituo vya kusukuma njiani, na pale Chongoleani matangi manne, kila moja la mapipa 500,000. Hivyo vyote vinataka watu wa kuviangalia usiku na mchana: mafundi umeme, mafundi wa mitambo na vipimo, wachomeleaji wachache wenye vyeti vinavyoeleweka, walinzi, wapishi. Ni mamia, si maelfu. Waliopiga makofi jiwe la msingi lilipowekwa Agosti 2017 hawakudanganywa kuhusu kazi, ila wengi hawakuuliza kazi za kipindi gani.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali kidogo. Babu yangu mzaa baba alikuja mkoa huu miaka ya 1950 kutoka Kigoma, kukata mkonge. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao, ikiitwa SILABU, ya kukusanya watu kutoka mbali: Kigoma, Songea, Rungwe. Walihesabiwa kwa namba, ndiyo maana mpaka leo tunasema manamba. Alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara hautoki mpaka kadi ijae. Wakati ule nani angesema mkonge utakwisha? Mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000. Kisha kamba za nailoni zikaingia duniani, bei ikaanguka, mashamba yakabadilisha mikono, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tunatoa kama tani 20,000. Nenda Korogwe hadi leo utakuta kambi za manamba zimebaki vijiji, watu wamezaliana humo na wengi hawajui tena njia ya kwao.

Babu alikata mkonge miaka mitatu. Mwiba wa ncha ya jani ukamtoboa goti, akawa hawezi kuinama vizuri, wakamhamishia kwenye korona, ile mashine ya kuchambua singa, yaani nyuzi za mkonge. Kazi yake ilikuwa kutia grisi. Mtu wa kutia grisi anakaa karibu na fundi, na fundi akichoka anasema hebu shika hapa. (Unaona tunakoelekea?) Shamba lilipoanza kupunguza watu walitangulia wakataji, wakafuata wa kuanika singa na wa kuzipiga brashi. Wa mashine alikuwa miongoni mwa wa mwisho, na alipotoka hakutoka mikono mitupu. Alitoka na boksi la spana, ambalo nahisi hakulinunua, Mungu amsamehe. Maisha yake yote yaliyobaki alitengeneza mashine za kusaga unga kuanzia Korogwe mpaka Muheza. Mtoto wake, baba yangu, aliingia kiwanda kimoja hapa mjini, akawa karani wa stoo. Kiwanda kilipofungwa miaka ya 1990, ukarani wa stoo haukuwa na stoo nyingine ya kwenda. Babu, mzee, ndiye aliyetulisha.

Kwa hiyo ukiniuliza kazi ziko wapi Tanga, jibu langu ni kwamba ziko kwenye vinavyoharibika. Hapa petu kila baada ya miaka thelathini hivi kinakuja kitu kikubwa, reli, mkonge, viwanda, sasa bandari na bomba, kinamwaga ajira na kinaondoka nazo. Kinachobaki ni mashine, na mwenye kuijua mashine. Wewe umeachwa na fundi wa Mbeya ukiwa na kitu hicho mkononi, halafu unataka kukibadilisha kwa kofia ya ulinzi au usukani wa bajaji.

Tuzipitie njia zako basi, haraka haraka.

Dubai. Simkatazi mtu kwenda Ghuba. Wako Watanzania wamejenga kwa fedha ya huko. Lakini wakala wa kweli anaonyesha leseni, na leseni hiyo unaweza kuiuliza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, au ofisi ya kazi ya mkoa. Anakupa mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na saa za kazi kabla hajagusa fedha yako. Na viza ni ya kazi. Wengi wanaotangaza "unaruka ndani ya mwezi" wanawapandisha watu ndege kwa viza ya matembezi, halafu kule mtu anajificha kama mwizi. Pasi ya kusafiria ni sh 150,000. Mwulize mjomba zile 2,350,000 nyingine ni za nini hasa, kitu kimoja kimoja, na ni nani anazitolea risiti. Ukijibiwa "wewe lete tu, kuna watu wa kuwaona," umeshapata jibu.

Bajaji tuipigie hesabu, kwa kuwa watu huwa wanaangalia ile sh 20,000 na kuona ni ndogo. Siku sita kwa wiki, wiki 104, ni siku 624. Mara 20,000 ni sh 12,480,000. Weka kianzio, inakuwa 13,480,000. Mafuta juu yako, matairi juu yako, faini juu yako, mtoto akiugua ukalala siku mbili hesabu inakudai. Ndani ya miaka miwili hiyo jirani akigombana na wewe siku moja anachukua funguo, na hapo ulipo huna karatasi. Chombo kikija kuwa chako kitakuwa kimezeeka. Tena tazama kituo cha Ngamiani asubuhi uhesabu bajaji na abiria. Kila mradi ukipunguza watu, bajaji zinaongezeka, kwa sababu wote mmewaza wazo moja.

Dodoma inajenga kweli, tangu serikali ihamie kule, hilo halina ubishi. Lakini saidia fundi asiye na cheti anakuwa kibarua wa sh 12,000 tena, na safari hii analipa chumba na hayupo nyumbani mke akijifungua. Ukienda, nenda umeitwa kwa mkataba. Mwajiri akikuajiri Tanga kwa kazi ya Dodoma, kazi ikikoma anawajibika na nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa. Ukijipeleka mwenyewe, nauli ni yako kwenda na kurudi. Mkeo ana miezi saba. Hii subirisha mpaka arobaini ipite.

Michungwa ya Muheza sitaidharau kama ulivyoidharau kwa kuiweka mwisho. Haikupi mshahara wa kila mwezi, msimu ukifika wachuuzi wanakuja wengi na bei wanapanga wao. Lakini ni ya kwenu, nayo inazaa hata redio ikizimwa. Nenda siku mbili kila mwezi. Mama asimamie, wewe uwepo siku ya kuuza.

Sasa kwenye fedha yako na mikono yako. Nenda chuo cha ufundi cha VETA hapo Tanga uwaulize utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Umewekwa kwa watu kama wewe waliojifunzia kazini: hawakurudishi darasani miaka miwili, wanakupima kwa vitendo na mahojiano, wanaona una upungufu gani, unafundishwa hilo tu, kisha unapewa cheti. Wakati mwingine serikali inalipia kundi zima, kwa hiyo uliza nafasi zinatoka lini. Watakupa vipande viwili uunge. Wataukagua mshono kama umekwenda sawasawa, kama umekula ukingo wa chuma, kama umeacha takataka ndani. Watauliza umechagua vijiti gani vya kuchomelea na kwa nini, na umeweka umeme kiasi gani. Ujizoeze kueleza kwa maneno, kwa sababu najua wanaojifunzia kazini: mkono unajua, mdomo haujui. Hapo ndipo kile cheti cha utumishi kitakapokusaidia, maana kinathibitisha hukuja kubahatisha.

Ukishapata hicho, uliza pia juu ya mtihani wa bomba, ule wanaouita 6G, bomba limefungwa limeinama nyuzi 45, hulizungushi, unalizunguka wewe. Wenye huo ndio wanaobaki kwenye miradi wakati wengine wanasomewa majina mbele ya kontena. Hutaufaulu mwezi huu wala mwezi ujao. Lakini mpigie simu fundi wako wa Mbeya, umwambie unautaka. Fundi aliyekuachia mashine yake wakati wa chakula hatakunyima saa moja ya simu.

Wakati unasubiri cheti usikae. Viwanda vya saruji huku Pongwe huzima tanuri kwa matengenezo, na kwa siku hizo chache wanachukua mafundi wa nje wengi kupitia wakandarasi wadogo. Jua zinaangukia lini na nani anazichukua. Pita kwenye chokaa kule Amboni. Nenda mashamba ya mkonge, maana mkonge umeanza kupandwa tena na korona zilizopo ni kuukuu, zinapasuka kila leo. Gereji za malori je? Usiombe "kazi yoyote". Sema: nachomelea, nina miezi 14 kwenye mradi, nipe kipande nikuonyeshe. Geti na grili za madirisha zitakupa fedha ya mboga, lakini usizitegemee sana. Mwenyewe unaona nyumba mpya zote sasa zinaweka madirisha ya alumini.

Ile akiba igawanye hivi. Fedha ya kujifungua iweke pembeni, isiguswe. Nunua mashine ndogo ya kuchomelea, ya inveta, kioo kizuri cha macho na glavu. Macho hayana spea. Kinachobaki kiwe chakula cha miezi minne, kwa sababu nakadiria itachukua muda huo kabla simu haijaanza kulia yenyewe. Wenzako wawili watatu wakikubali, undeni kikundi mwulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata kuhusu ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Asilimia nne kati ya hizo ni ya vijana. Taratibu zake zinachosha, nakuonya mapema.

Amebaki mke wako. Umeniomba nisiseme, na ninasema. Tanga si kubwa kiasi hicho, mwanangu. Kijana wa ovaroli anayekaa benchi moja siku 23 ameshaonwa na mtu anayemjua shoga wa dada yake mkeo. Kwa miezi saba ya mimba, habari hiyo ikimfikia kisimani au kwenye foleni ya kliniki ni mbaya kuliko ikitoka mdomoni mwako. Tena wewe mwenyewe ulivyonielezea, mume wa namna hiyo hajapoteza kazi kwa uzembe, kwa hiyo aibu unayoibeba hata si yako. Mwambie usiku huu, baada ya kula, ukiwa umeshakata shauri la kwenda CMA kesho, ili umpe habari na hatua kwa pamoja. Mpe na zile salari slipu azipange kwa miezi. Wanawake tunapenda kupewa kitu cha kushika tukiwa tunasikiliza jambo zito.

Na mabuti yapige kiwi, utayavaa VETA.

Shangazi